Kijiji kizima kilininyima moto: bomba la mafuta na shamba lililofungwa Karatu

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi humu ni msomaji wa pembeni. Miaka nasoma nyuzi zenu, mara siasa, mara nani kaachwa na nani, sichangii. Lakini juzi mdau mmoja kaanzisha uzi wa watu waliopitiwa na bomba kwenye mashamba yao, na comments nyingi zikawa za aina moja: "Mbona hawakulalamika mapema?"

Nimekaa na hiyo sentensi siku mbili. Imenirudisha Karatu.

Ninachoandika nilikipitia mwenyewe. Ninachokijua nitasema nakijua, na sehemu moja ambayo mpaka leo siielewi nitaiacha kama ilivyo. Wale wa kusema "hii chai", sufuria mnazo, chemsheni mkinisubiri.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Vita vya Kagera vimeisha, lakini dukani hakuna kitu. Sabuni hakuna, sukari foleni, kiberiti ndiyo usiseme. Vijijini moto ulikuwa unaombwa. Unaenda kwa jirani na kigae, unarudi na kaa. Hilo la moto lishikeni, tutalihitaji.

Mimi ni mtu wa Singida. Nilikwenda Oldeani kuchuma kahawa, msimu ukaisha, nikapata kibarua cha chenimani kwenye timu ya survey. Chenimani ni yule anayeburuta mnyororo wa kupimia na kupigilia vigingi. Ni cheo cha mwisho kabisa, chini yake yupo punda tu.

Tulikuwa tunapima njia ya bomba la mafuta. Bomba lenyewe lilikuwa bado liko kwenye makaratasi. Lingepanda miteremko ya Karatu, lipite pembeni ya msitu wa Ngorongoro, lielekee magharibi huko ziwani.

Tulikopita, ukanda mpana ulikuwa unamtoka mwenye shamba. Hulimi humo, hujengi, hupandi mti. Na kama nyumba yako imeangukia ndani ya ukanda, unahama.

Bosi wetu alikuwa Bwana Elineema, mpima ardhi, mtu wa Kilimanjaro. Alikuwa anapiga pasi suruali hata kambini. Hakuwa mtu mbaya, ila ramani ikisema mstari umenyooka, basi kwake dunia nzima imenyooka.

Wa tatu alikuwa Qwaray, Mwiraqw wa Mbulu, rika langu. Yeye ndiye alikuwa anashika mti wa kupimia, ule mrefu uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Alikuwa mcheshi sana yule bwana, tulikuwa tunakula sahani moja.

Utaratibu wa haki za watu ulikuwa hivi. Tangazo linabandikwa ukutani ofisi ya kata, na majina ya wenye mashamba. Mwenye pingamizi anakwenda ofisini kulisema. Siku zikiisha hujatokea, umekubali. Kimya chako ndiyo sahihi yako.

Mimi mwenyewe ndiye niliyelibandika tangazo lile kwa uji wa unga. Mwisho wa mapingamizi ulikuwa Jumamosi saa sita mchana.

Sasa Jumatano ya wiki hiyo.

Anayejua Karatu mwezi wa saba anaujua ule ukungu unaoshuka kutoka msituni. Unaanza alfajiri, na siku nyingine saa nane mchana bado upo. Mikono inakufa ganzi, na sauti inapotea. Mtu akikuita hujui yuko mbele au nyuma.

Siku kama hiyo hupimi. Lakini Elineema alikuwa na haraka, akasema tuendelee kwa macho, yeye akabaki kwenye Land Rover na makaratasi yake.

Kwa macho ni hivi: mshika mti anatangulia, anasimamisha mti. Mimi nikiwa nyuma naangalia kama umekaa mstari mmoja na vigingi nilivyokwisha kupiga. Haujakaa, namwonyesha kwa mkono. Yeye akiona umekaa, ananyoosha mkono wake juu. Nakwenda, napigilia kigingi pale pale, yeye anasonga mbele. Mnaweza kufanya kazi asubuhi nzima bila kusemeshana.

Tulifika kwenye shamba moja zuri sana. Juu kabisa, kupakana na msitu, kulikuwa na chemchemi na kipande cha miti ya asili ambacho hakijawahi kuguswa na jembe. Chini yake mahindi na maharage, halafu nyumba. Shamba hilo ndilo lilikuwa la mwisho kwenye kipande chetu.

Qwaray alitangulia. Mimi nilikuwa nyuma nahangaika na kigingi kilichogonga jiwe. Nilipofika mpakani sikumkuta. Nilichokuta ni matawi mabichi, yamelazwa vizuri kukatiza njia, moja juu ya jingine.

Nikajua ni watu wamezuia mbuzi. Nikayainua, nikayatupa pembeni, nikapita. Nilijiona mchapakazi kweli kweli.

Hapa nijiseme mwenyewe. Siku mbili kabla niliwaona Wamasai wakishuka na ng'ombe kutoka upande wa Endulen kwenda mnadani Karatu. Njia ya ng'ombe inapita ubavuni mwa shamba lile. Walipofika pale wakalitoa kundi zima njiani, wakalipitisha bondeni kwenye tope la magotini, kisha wakalirudisha njiani mbele. Niliwacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilikuwa najua kila kitu.

Basi nimevuka. Mbele kwenye ukungu nikauona mti, nyekundu, nyeupe, nyekundu. Na kivuli cha mtu ameushika.

Nikafuata.

Nilipiga kigingi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikifika mtu ameshasonga, naona mgongo tu, halafu sioni. Nikimwonyesha asogee, anasogea, anarudi, anasimama pale alipotaka yeye. Halafu ananyoosha mkono.

Mkono wenyewe wa kushoto. Hilo liliniudhi, maana sisi tulifundishwa kunyoosha wa kulia. Nikasema leo Qwaray ana lake jambo.

Kigingi cha nne kilikuwa uani kabisa. Nyumba ilikuwa ya udongo, moshi unatoka kwenye paa. Bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo. Mwanamke kijana mwenye mtoto mchanga alinyanyuka akaingia ndani. Nikasema shikamoo bibi. Hakugeuka. Mbwa alikuwa amelala mlangoni, akaniangalia, akarudisha kichwa chini.

Nikapiga kigingi changu, kishindo kinasikika uani kote. Sikujisikia vizuri, nasema ukweli. Lakini kazi ni kazi.

Cha tano, cha sita, cha saba. Baada ya cha saba nikaufikia mti wenyewe. Umesimama peke yake, umechomekwa kwenye udongo laini, na hakuna mtu.

Nikaita Qwaray. Nikaita tena. Nikasikiliza. Kulikuwa na matone ya maji yanadondoka kwenye majani ya mahindi, basi. Nikaubeba mti, nikazunguka kwa njia ya bondeni mpaka kambini.

Qwaray alikuwa kambini. Amejifunika blanketi, anakunywa chai ya rangi, na miguu yake ilikuwa imeshakauka.

Nilimfokea. Aliniacha nikamaliza. Alikuwa hanitazami mimi, anautazama mti niliobeba.

"Ndugu," akasema, "mimi mti niliuacha kwenye matawi. Sikuvuka."

Nikamcheka, nikasema hizo ni za wavivu. Nikakaa karibu yake nijimiminie chai. Akachukua kikombe chake akakisogeza mbali na changu. Usiku huo alilala chini ya Land Rover, na sahani akala ya kwake.

Alhamisi ndiyo mambo yalianza.

Nilikwenda dukani kutafuta chumvi. Mwenye duka alikuwa anaongea na watu, wakanyamaza. Nikauliza chumvi. Alitazama juu ya kichwa changu mpaka nikaondoka. Kisimani akina mama walinyanyua ndoo zao, hata zile ambazo hazijajaa, wakaondoka pole pole. Mama aliyekuwa anatuletea maziwa hakuja.

Hakuna aliyenitukana. Ningetukanwa ningefurahi, ningejua nina kosa gani. Watu wale walikuwa wapole sana, ila nilikuwa nimefutwa. Nikipita njiani watoto wanaingia ndani, mlango unafungwa taratibu bila kishindo. Jamani, kuna kimya ambacho mwili unakijua kabla ya akili. Nilianza kutembea nikijishika mikono kuhakikisha nipo.

Mchana ukungu ukapasuka kidogo. Elineema akasimamisha teodolaiti yake, ile darubini ya kupimia, aangalie kazi ya jana. Akaangalia, akafuta kioo, akaangalia tena. Akaniita.

Mstari wangu ulikuwa umepinda. Vigingi sita vya kwanza vilikuwa vimetoka nje ya mstari, vikazunguka kitu fulani nyuma ya nyumba, halafu cha mwisho kikarudi kwenye mstari sawasawa, hata unene wa kidole hakikukosea. Elineema alisema mlevi hawezi kupinda vile, mlevi anapotea moja kwa moja. Akataka kujua nimezunguka nini.

Pale katikati, kwa mbali, lilionekana lundo la mawe. Akasema Jumatatu lundo litaondolewa, mstari unanyooka, na nguzo ya zege ya alama inakaa pale pale, kwa sababu mapingamizi yatakuwa yamefungwa. Ijumaa alfajiri akaondoka na gari kwenda mjini kutafuta saruji.

Tukabaki mimi na Qwaray, na njiti za kiberiti zilizolowa.

Nilijaribu zote. Hakuna iliyowaka. Baridi ya pale bila moto haina utani, wakuu, na sisi tulikuwa tunalala kwenye hema lililolowa. Nikachukua kigae nikaenda kuomba kaa.

Nyumba ya kwanza mama alikuwa anapika, moto nauona. Aliufunika kwa majivu, akasimama, akarudisha mlango. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hawakusubiri nifike. Nilisimama katikati ya kijiji na kigae changu, moshi unatoka kwenye kila paa, na mimi nilikuwa natetemeka. Nilitoka machozi. Mtu mzima nalia kwa sababu ya kaa la moto.

Niliporudi Qwaray alikuwa amefunga mzigo wake. Alisimama mbali, kama hatua kumi, ndipo akanieleza.

Kwa kifupi alisema hivi. Kwao Wairaqw mtu akifa kwa namna fulani, nyumba yake inafungwa. Wanaita metimani. Waliomo ndani hawavuki mpaka wa shamba lao, hawasalimiani na watu, hawali na watu, hawapokei kitu mkononi kwa mtu. Wa nje hawaingii, na moto hautoki humo wala hauingii. Inaweza kuchukua miezi, mpaka wazee waje wawafungue. Yale matawi ndiyo alama. Na atakayevuka, tayari na yeye ni wa nyumba ile.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia Jumatano kabla sijavuka. Akasema alidhani kila mtu mwenye akili anajua maana ya matawi njiani.

Akabeba mzigo wake kurudi Mbulu. Alipofika mbali kidogo akageuka.

"Moto utaupata nyumba moja tu," akasema.

Nilikaa kama saa nzima nikijidai sijasikia. Halafu nikachukua kigae.

Safari hii ukungu ulikuwa mzito kuliko Jumatano. Nilipita pale mpakani, matawi yalikuwa yamerudishwa, yamelazwa vizuri. Niliyavuka bila kuyagusa. Vigingi vyangu vilikuwa vyote vimesimama, hakuna aliyevigusa. Kuku walikuwa wanachokoa kila mahali ila penye kigingi.

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, amenipa mgongo vile vile.

"Umechelewa," akasema bila kugeuka. "Kaa lako nilikutengea tangu juzi."

Kiswahili chake kilikuwa cha mashamba ya Oldeani, alichuma kahawa huko zamani. Alinipa kaa, halafu akaniambia hakuna haja ya kulibeba, nikae pale pale kwenye moto. Akanipa ugali na maziwa ya mgando. Nilikula mpaka nikaona aibu.

Akanieleza. Aliyefariki ni mwanawe wa pekee, Bura. Alikuwa anakata mti, ukamwangukia. Ndani ni mke wake Bura na mtoto ambaye baba yake hakumwona. Shamba lile lilikuwa la mume wake, likawa la Bura, sasa ni la yule mtoto. Ile miti ya juu na chemchemi, babu zao walikubaliana haitaguswa milele, kwa sababu maji ya kitongoji kizima yanatoka hapo.

"Na wewe," akaniuliza, "hivi vijiti vyako ni vya nini?"

Wakuu, mkono wangu ulisimama na tonge.

Tangazo nililibandika mwenyewe. Lilikuwa na siku kumi na mbili ukutani. Kijiji kizima kililisoma, na jina la familia yake lilikuwa mstari wa tatu. Asiyejua alikuwa mwenye shamba peke yake, kwa sababu hakuna mtu aliyeweza kuvuka kumwambia. Na hata angejua, asingeweza kutoka kwenda kusema hapana. Kesho saa sita kimya chake kingekuwa sahihi.

Nikamwambia yote. Bomba, ukanda, nyumba kuhama, chemchemi, Jumatatu, zege. Nikamwambia na lile lundo la mawe litaondolewa.

Alisogeza kuni motoni. Halafu akasema lile lundo ni Bura.

Mimi niliwahi kumwona mama yangu amesimama nje ya nyumba yetu Singida, wakati wa operesheni ya vijiji, vijana wanang'oa mlango. Hakusema neno. Baadaye watu walisema mbona alikubali. Nilikuwa sijalifikiria jambo lile miaka mingi, na nilikuja kulifikiria pale kwenye moto wa bibi, na tonge mkononi.

Nikamuuliza, nikijua jibu sitalipenda, kama Jumatano kulikuwa na mwanaume yeyote pale shambani. Akasema mwanaume wa hapa amelala nyuma ya nyumba.

Nikamweleza nilichokiona. Ule mti kwenye ukungu, yule mtu, na jinsi mstari ulivyozunguka.

"Alikuwa ananyoosha mkono gani?" akauliza.

Nikasema wa kushoto.

Bibi alinyanyuka, akaingia ndani. Nikasikia wanaongea na mkwe wake kwa Kiiraqw, taratibu, halafu mkwe akaanza kulia. Mimi nilibaki nje na mbwa. Sikuthubutu kutazama nyuma ya nyumba.

Alipotoka alikuwa amekauka macho. Akaniambia niandike.

Nilichana karatasi kwenye daftari la survey nikaandika kwa penseli. Kwamba mimi fulani, mwenye shamba fulani, sikubali bomba kupita. Kwamba nimefungwa kwa msiba wa mwanangu na siwezi kufika. Kwamba chemchemi ni ya watu wote. Akapaka dole gumba masizi ya sufuria, akabonyeza.

Jumamosi asubuhi nilikuwa ofisi ya kata mapema. Katibu kata alikuwa mzee mnene mwenye miwani, Mwiraqw wa pale pale. Aliniona nakuja, akafunga mlango.

Nikasema nimeleta pingamizi. Nikaipitisha karatasi dirishani. Akarudi nyuma mpaka ukutani.

Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Nimetoka huko na barua yenye dole gumba, saa inakwenda, na anayetakiwa kuipokea haruhusiwi kuigusa, kwa sababu imetoka kwenye nyumba iliyofungwa na imebebwa na mtu wa nyumba iliyofungwa. Nilimwambia ndugu katibu, saa sita ikifika bibi yule amekwisha. Nilimwambia kwa hasira.

Alivua miwani akaifuta. Akaivaa. Akavuta kiti chake mpaka katikati ya chumba, mbali na dirisha, akachukua karatasi yake na kalamu yake.

"Simama hapo hapo nje," akasema. "Soma. Taratibu, naandika."

Nikasoma. Nilisoma nikiwa nje kwenye ukungu, naona miwani yake tu ndani. Neno kwa neno, na yeye anaandika kwa mkono wake, kwenye karatasi ambayo haijawahi kuguswa na nyumba ile. Nilipofika kwenye dole gumba nikasema hapa kuna dole gumba. Akaandika kwamba dole litachukuliwa mwenyewe akifunguliwa, na kwamba mpaka wakati huo hakuna ruhusa ya kuweka nguzo. Akagonga muhuri. Sauti ya muhuri ule ninaisikia mpaka leo.

Nikamuuliza kwa nini hakufanya kitu siku zote hizo na alikuwa anajua. Akasema asingeweza kuandika maneno ambayo mwenyewe hajayasema, na asingeweza kumtuma mtu kuvuka.

"Siku kumi na tatu nimekaa hapa," akasema, "namsubiri mtu asiyejua."

Sikujua nicheke au nikasirike. Mpaka leo sijui.

Elineema alirudi Jumapili na saruji yake, akakuta barua yenye muhuri. Alinifokea, akasema nimeuza kazi kwa ushirikina. Lakini muhuri ni muhuri, na yeye alikuwa mtu wa makaratasi. Alipakia hema, akaondoka, na mimi akaniacha. Sikumlaumu sana.

Sikuwa na pa kwenda. Hakuna nyumba ambayo ingenilaza, ila moja. Nikakaa kwa bibi, nikavuna mahindi yake, nikapasua kuni. Mimi na mkwe wake na mtoto na mbwa, ndani ya mpaka, karibu miezi miwili. Asubuhi za ukungu nilikuwa nafanya kazi macho chini. Sikutaka kuona mti wowote mwekundu.

Siku wazee walipokuja kutufungua walitunyoa wote, na mimi nikiwemo. Matawi yakaondolewa. Mtu wa kwanza kunipa mkono alikuwa katibu kata. Alinisalimia kama ndiyo tunaonana mara ya kwanza, akaniuliza habari za Singida. Mama wa maziwa alinikumbatia.

Wakubwa wa mradi walikuja baadaye, bibi akasema mwenyewe mbele yao, dole likachukuliwa. Njia ikahamishwa kutoka kwenye shamba lake. Mwishowe bomba lenyewe halikujengwa, mradi ulikufa kimya kimya. Lakini mashamba ya wengine waliowekewa nguzo yalikaa na nguzo zile miaka na miaka, watu wanakatazwa kupanda hata mgomba, wanasubiri bomba ambalo haliji.

Siku naondoka, bibi aliniambia ning'oe vigingi vyangu mwenyewe. Nikaving'oa vyote saba, nikizunguka lile lundo la mawe kama nilivyozunguka mara ya kwanza. Safari hii kulikuwa na jua, na nilitazama.

Alinisindikiza mpaka mpakani. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ulimfuata vizuri," akasema.

Akageuka kurudi kwake. Nikaenda zangu kupanda lori la Arusha.

Basi wakuu, nilichojifunza ni kimoja. Mkiona mwenye shamba amekaa kimya, msikimbilie kusema amekubali. Ulizeni kwanza nani alimfikishia habari, na kama mlango wake uko wazi. Mimi mama yangu nilimuuliza miaka mingi baadaye, na alikuwa na mengi ya kusema.

Kuhusu yule wa mkono wa kushoto, sitetei kitu. Watu wa survey mtaniambia kwenye ukungu mstari unapinda tu. Sawa. Ila mniambie na nani aliyeubeba mti kutoka kwenye matawi. Wenyeji wa Karatu, Mbulu na Ngorongoro mliomo humu, haya mambo ya kufungwa mnayajua kuliko mimi. Nipo, nasoma zote, hata za chai.